Mapazia ya Nyumba ya Bagshaw

Askerdale, 9 Januari 2023

Marnie wetu,

Hujambo, mtundu wangu? Mimi mzima, ila mafua yamenikaba tangu Krismasi. Najua barua hii itakaa kwanza mezani kwa Hilary, ofisa wako wa ustawi, aisome, ahakikishe dada mtu hamfundishi mdogo wake kutoroka, ndipo ikufikie. Hujambo Hilary. Soma taratibu, hakuna siri humu. Na wewe Marnie usininunie kwa habari ya barua. Ni nani aliyepanda treni kutoka Saltmere mpaka huku, saa sita nzima, bila tiketi wala ruhusa? Si wewe? Sasa tumenyang'anywa simu, tunaandikiana kama mababu. Lakini nikikukumbuka ulivyosimama mlangoni na begi la shule na pakiti ya biskuti, nacheka peke yangu kazini hadi wenzangu wananishangaa.

Kazi ni ileile, kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Wazee wenyewe wananipenda. Mmoja ananiita kwa jina la mkewe aliyekufa, nami naitika tu, nifanyeje?

Habari kubwa ni kwamba nimepata fleti. Miezi saba, kila Alhamisi, nabonyeza kuomba nyumba kwenye orodha ya halmashauri mtandaoni, naambiwa mimi ni wa sitini, mimi ni wa arobaini, na juzi ghafla nikawa wa kwanza. Ni chumba kimoja, sebule na jiko. Sakafu ni saruji tupu, maana halmashauri hung'oa zulia kabla ya kukupa funguo hata kama lilikuwa zima. Ndiyo utaratibu, hawana sababu nyingine. Nadeem, mshauri wangu, yule anayesimamia sisi vijana tuliolelewa na halmashauri, alinisaidia kupandisha kitanda ghorofa tatu huku akilalamikia mgongo. Mtu mzuri Nadeem. Ana vijana thelathini kama mimi, na mgongo mmoja.

Halafu nimetimiza miaka kumi na tisa na mzazi wetu akaniletea kadi. Nasema halmashauri. Si ndio wanaojiita wazazi wetu? Kadi imesainiwa na mkurugenzi, na imeandikwa “Mpendwa Kelly”. Mama alikuwa anasahau siku, lakini jina la Keeley hakulisahau.

Sasa sikiliza. Nimewaomba wakulete kwangu. Nimejaza fomu, kurasa ishirini na mbili, kwamba mimi ni ndugu yako wa damu, nina kazi, nina mlango unaofungwa kwa ufunguo, na nataka kukulea mpaka utimize kumi na nane. Nadeem alisema, “Keeley, una uhakika? Watakuchimba mpaka mizizi.” Nikamwambia wachimbe. Wewe utalala chumbani, mimi sebuleni.

Usimwambie mlezi wako Maureen bado, asije akadhani namdharau. Amekulea vizuri, na mimi nina macho, naona.

Dada yako,
Keeley


Saltmere, 20 Februari 2023

Keeley wetu,

Barua yako imefika Alhamisi iliyopita, kwa hiyo Hilary amekaa nayo wiki tano. Hilary, wiki tano! Hata kasa wa hapa ufukweni kwenye maonyesho anatembea haraka kuliko wewe. (Amesema naruhusiwa kumtania.)

Mimi sijambo. Maureen hajambo. Mumewe Clive ametolewa plasta mguuni, anatembea na fimbo akijifanya bwana mkubwa. Mbwa ametapika kwenye viatu vyangu vya shule. Nimepata alama ya juu darasani katika sayansi, na mwalimu akasema “Ajabu!” mbele ya watu wote, nikamwambia ajabu ni yeye.

Nimeisoma barua yako chooni, mlango nimefunga, nikaisoma tena. Kweli? Kweli kabisa? Nataka ukuta mmoja uwe wa kijani. Zulia sitaki, nitavaa soksi mbili kama wewe. Nitapika, najua kupika mayai na viazi vya kuponda. Siku ukitoka kazini umechoka nitakutengenezea chai, na wewe hutanikaripia hata nikiunguza mkate.

Maureen nilimwambia. Samahani, mdomo wangu huu. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi, kisha akasema, “Ndugu ni ndugu, kipenzi.” Nilijisikia vibaya kidogo.

Wakikuchimba, wataangalia na faili la zamani? Nauliza tu.

Marnie


Askerdale, 28 Machi 2023

Marnie wetu,

Salamu kwako, kwa Maureen, kwa fimbo ya Clive, na kwa mbwa mwenye adabu zake. Huku mvua haikomi. Nimepaka ukuta mmoja kijani. Rangi nilipewa na fundi wa kazini, imebaki kutoka vyoo vya wazee, lakini ukiwa hujui hujui.

Mwanamke wa tathmini amekuja mara tatu. Ni mpole, anavua viatu mlangoni, akaona saruji akavivaa tena. Amefungua friji yangu. Ameuliza nani ataniangalizia wewe nikiugua, nani rafiki zangu, mara ya mwisho nililia lini. Nikasema nalia kila nikiona friji yangu inafunguliwa na mtu asiyeleta chakula. Hakucheka. Aliandika.

Akasema fleti ina chumba kimoja cha kulala, hivyo mtoto hawezi kuletwa. Nikasema basi nipeni ya vyumba viwili. Akasema hiyo ni ofisi nyingine. Nadeem akapiga simu ofisi nyingine, wakasema ya vyumba viwili wanapewa wenye mtoto, na mimi sina mtoto. Nikamwambia Nadeem, hawa ni mama mmoja au ni wake wenza? Maana mzazi huyu ana mkono wa kushoto usiojua wa kulia unafanya nini. Alicheka mpaka akakohoa, lakini baadaye aliketi kwenye ngazi akishika mgongo. Anahamishwa mwezi wa Mei kwenda kitengo kingine. Atakuwa mshauri wa nne kuniacha.

Swali lako. Ndiyo, wanalo faili. Lote. Tangu nikiwa na miaka sita. Siku ya tatu yule mwanamke wa tathmini alilileta, akalifungua mapajani, akaniuliza habari za moto kwa Bagshaw, wale waliokuwa wanatulea. Nilimwambia nilikuwa na miaka kumi na mitatu, ni mambo ya kitoto, yameshapita. Akasema, “Lakini Marnie alikuwa amelala ndani, Keeley.” Nikasema najua. Akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Usilitie moyoni hili. Nakueleza kwa sababu umeuliza. Wewe soma sayansi yako.

Keeley


Saltmere, 2 Mei 2023

Keeley wetu,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Mvua imekatika huku na watalii wameanza kuja kula samaki na viazi na kuacha makaratasi kila mahali. Maureen amenishonea sketi.

Kuhusu Bagshaw, mimi sikumbuki sana. Nilikuwa mdogo.

Nina mitihani kwa hiyo naishia hapa.

Marnie


Askerdale, 11 Juni 2023

Marnie wetu,

Nimepata barua yako fupi. Mitihani imekwendaje? Mwambie Maureen namshukuru kwa sketi.

Ripoti imekuja. Kurasa thelathini na moja, mistari mingine imefutwa kwa wino mweusi ili nisijue nani alisema nini juu yangu. Yaani maisha ni yangu, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuyasoma. Wanasema ninakupenda, hilo hawana shaka nalo. Wanasema kazini nasifiwa. Halafu wanasema “historia ya kuchoma moto kwa makusudi katika nyumba alimolala mdogo wake.” Mstari huo haukufutwa. Umerudiwa mara tisa, nimehesabu. Mapendekezo yao kwa kamati ni kwamba nikataliwe. Kamati inakaa tarehe 6 Julai.

Nimewaza sana, Marnie. Wenyewe husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi walionilea ni wao. Baada ya Bagshaw nilihamishwa mara tisa kwa miaka mitano, kwa sababu hakuna mlezi anayetaka mchoma moto nyumbani. Walinipeleka kituo cha watoto, wakanipeleka kwa watu waliokuwa wananifungia jiko kwa kufuli. Sasa wananitazama kwa woga kama mtu aliyejilea mwenyewe porini.

Nilikuwa mjinga, hilo nakiri. Nilidhani maneno yakisemwa jioni moja, kesho yake yameisha, kama watu wengine wanavyogombana nyumbani wakasahau. Sikujua kwetu sisi maneno yanapewa namba ya ukurasa.

Sikulaumu kwa kutokukumbuka. Ulikuwa na miaka minane. Sikuombi kitu, umenisikia? Ukikaa hapo kwa Maureen mpaka umalize shule, na chumba chako, na huyo mbwa, utakuwa umepata ambacho mimi sikukipata. Nina uchungu lakini nitaishi.

Keeley


Saltmere, 20 Juni 2023

Keeley wetu,

Hujambo? Mimi sijambo, mitihani imekwenda vizuri, Maureen na Clive wazima. Safari hii Hilary ameileta barua yako kwa mkono wake, siku nane tu.

Sasa Hilary, hii hapa chini ni yako. Isome, itie kwenye faili, ipe namba ya ukurasa.

Mimi ndiye niliyewasha moto kwa Bagshaw. Nakumbuka kila kitu. Siku zote nilikuwa nakumbuka.

Nilikuwa nimetimiza miaka minane siku mbili kabla. Mama alitakiwa kuja kwenye kile chumba cha kukutana na wazazi, chenye midoli isiyo na mikono. Tulikaa saa nzima na keki. Hakuja. Bi Bagshaw akatuambia tule tu, keki isichache. Nilificha mishumaa minane mfukoni, na kiberiti nikakitoa kwenye droo ya jikoni. Nilifikiri nikiiwasha tena, siku itaanza upya na mama atawahi. Nilikuwa mtoto, ndivyo nilivyofikiri. Nikaipanga dirishani nyuma ya pazia ili isionekane. Mapazia yalikuwa ya njano, yana bata. Yalishika mara moja.

Wewe Keeley ulikuwa bafuni. Ulitoka na taulo lenye maji, ukayapiga mpaka yakazimika, ukaungua kiganja. Mimi nilikimbilia kitandani nikajifunika. Bi Bagshaw alikuja anapiga kelele, akasema aliyefanya hivi halali tena chini ya paa lake. Akaniangalia mimi. Ukasema, “Ni mimi.” Aliuliza tena, ukasema, “Nimesema ni mimi, wewe kiziwi?” Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu chini ya blanketi.

Walikuletea mifuko myeusi ya takataka utie nguo zako. Ukaniambia nisilie, utarudi Jumamosi. Nilikaa dirishani Jumamosi yote.

Niliandika kwamba sikumbuki kwa sababu niliogopa Maureen atanifukuza. Naogopa bado. Lakini nimeona ile “mara tisa” nikashindwa kula. Mimi ndiye, si yeye. Mpeni nafasi dada yangu.

Marnie


Askerdale, 19 Julai 2023

Marnie wetu,

Hujambo mdogo wangu? Mimi mzima. Wazee wazima, isipokuwa yule aliyekuwa ananiita mkewe. Amefariki Jumanne, na nilimfulia shuka la mwisho mimi.

Kamati imekaa. Nadeem alikuja kunieleza ana kwa ana ingawa kazi hiyo si yake tena. Barua yako waliisoma. Wanasema haina uzito, kwamba mtoto anaweza kusema lolote ili akae na ndugu yake, na kwamba inaelekea ulifundishwa. Wamekataa. Hilo ni la kwanza.

La pili, ameniambia mambo ya huko. Kwamba Hilary ilimbidi amwambie Maureen kilichoandikwa, maana ndiyo sheria yao. Kwamba Clive ametoa viberiti vyote nyumbani na wanakufungia mlango wa jikoni. Kwamba Maureen amelia, kisha ameandika kuomba uhamishwe katika siku ishirini na nane. Kwamba wamekwishatafuta nyumba nne, na zote zikisikia habari ya moto zinasema hapana, na iliyobaki ni kituo fulani mbali zaidi, kule kwa watoto walioshindikana.

Ninakijua kituo cha namna hiyo. Nimekaa humo.

Kwa hiyo sikiliza, na Hilary asikilize pia. Wewe hukuwasha moto wowote. Niliwasha mimi. Nilikuwa na hasira na Bi Bagshaw, nikachukua kiberiti cha gesi cha mumewe, nikachoma mapazia yake, wewe ukiwa umelala. Hiyo habari ya mishumaa niliitunga mimi, nikakufundisha siku ile ulipokuja kwa treni. Nilikukaririsha mpaka ukaijua. Nilitaka kuitumia ili nipate fleti ya vyumba viwili. Nimeandika haya haya kwenye karatasi nyingine, nimetia saini mbele ya mkubwa wa Hilary, naye ameyatia kwenye faili.

Usibishe. Najua unavyobisha, utakuja juu, utasema nadanganya. Ukibisha watasema bado ninakufundisha. Mwambie Maureen ulimdanganya kwa sababu yangu, muombe radhi, mwambie unataka kukaa. Nadeem anasema akisikia hivyo huenda akaiondoa barua yake. Anakupenda yule mama, ameogopa tu. Mtu yeyote angeogopa.

Sitaomba tena kukuchukua. Nikiomba hawataifungua hata fomu. Basi. Kwangu hakuna lililobaki la kuharibika, kwako lipo. Ndiyo hesabu yenyewe, na mimi ndiye mkubwa.

Nakupenda kupita maelezo. Soma.

Keeley


Saltmere, 30 Oktoba 2023

Keeley wetu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Maureen hajambo, Clive hajambo, mbwa ni mzee sasa na hatapiki.

Samahani kwa kuchelewa. Wameamua tuandikiane mara mbili tu kwa mwaka, Oktoba na Aprili, mpaka waone maendeleo. Simu bado hapana.

Maureen aliiondoa barua yake. Nilimwambia vile ulivyosema nimwambie. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akasema alijua moyoni kwamba mimi si mtoto wa namna hiyo. Nikasema asante. Mlango wa jikoni haufungwi tena. Napika mayai Jumapili, wanakula wote, wanasifu.

Nilisikia fleti yako inakaguliwa kwa sababu Nadeem wako mpya, yule mshauri wa sasa, ameona faili. Sijui wameamua nini. Ukiandika Aprili nieleze.

Nimeanza kwenda kwa mtu wa kuzungumza naye, kila Jumatano. Yeye na Hilary wanasema hasira ikikaa ndani inaharibu mtoto, na wanaona ingenisaidia kama ningekuandikia kwamba nimekusamehe. Mara mbili nimekataa. Leo Hilary amekuja mwenyewe, amekaa hapa pembeni yangu na chai yake, ameniambia si lazima, nitumie maneno yangu mwenyewe.

Keeley, nimekusamehe kwa kuchoma mapazia nikiwa nimelala.

Hilary ameisoma. Anasema inatosha.

Marnie